Godoro la Mzee Ndaki

MELANIA: Haloo... nani mwenzangu? Namba hii siijui.

WILIAM: Mimi.

MELANIA: Mimi wako wengi.

WILIAM: Mimi Wiliam. Nimeazima simu ya mtu.

MELANIA: Baba Nelly.

WILIAM: Eeh. Habari za hapo Ngokolo?

MELANIA: Nzuri. Za Nyarugusu?

WILIAM: Nzuri tu. Umeamkaje?

MELANIA: Nimeamka. Nina sare za kwaya ziko kwenye cherehani, zinatakiwa leo mchana. Sema.

WILIAM: Mtoto hajambo?

MELANIA: Yuko shule, bweni. Aliumwa jino, likang'olewa, likaisha. Miezi mitano hukuuliza, leo jino la Nelly limekuuma wewe?

WILIAM: Nilikuwa nauliza tu.

MELANIA: Umeshauliza. Sema sasa.

WILIAM: Nataka uje huku. Mara moja. Tupige kipande kimoja tu.

MELANIA: Kipande cha nini?

WILIAM: Cha ile kazi yetu.

MELANIA: Ile kazi niliizika siku niliyopanda gari, Wiliam. Hata matanga yameisha.

WILIAM: Watu wanaulizia. Juzi mnadani mzee mmoja kanishika mkono, ananiambia, nyie mnaojifanya mnapiga picha za wakubwa halafu hazipigiki, mmeishia wapi?

MELANIA: Ungemwambia wamechoka.

WILIAM: Nilijaribu na mtu mwingine.

MELANIA: Ehee. Nani?

WILIAM: Loveness wa saluni. Nikamweleza vizuri kabisa. Nikamwambia, dada, hivi ni vichekesho. Sisi ni watu tunaojifanya tunatengeneza picha chafu, kamera inatufuata nyuma ya pazia, na kila tukianza kitu kinaharibika. Pazia linaanguka. Mama mwenye nyumba anaingia na uji. Mwanamume anakumbuka hajasali. Hakuna anayevua kitu zaidi ya viatu. Akasema ameelewa.

MELANIA: Halafu?

WILIAM: Akauliza nguo aziweke wapi.

MELANIA: [anacheka kidogo] Masikini ya Mungu.

WILIAM: Edward mpiga picha kaangusha kamera.

MELANIA: Edward naye.

WILIAM: Bila wewe haichekeshi, Mama Nelly. Wewe ukikaa pale kitandani na ule uso wako, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali, watu wanacheka kabla hujafungua mdomo.

MELANIA: Ule uso sikuwa naigiza.

WILIAM: Najua—

MELANIA: Hujui. Mimi huku jumuiya bado wananiita mwigizaji. Katekista aliangalia vipande vyote sita, eti ili anionye vizuri. Cha nne aliangalia mara mbili, mkewe ndiye aliniambia. Siji, Baba Nelly. Nimechoka kuchekwa.

WILIAM: Sikiliza basi. Siyo mimi ninayekutaka. Yaani, na mimi pia, lakini... anayekutaka ni Mzee Ndaki.

MELANIA: Ndaki yule aliyetuazima nyumba?

WILIAM: Huyo huyo, mwenye duara la dhahabu. Unakumbuka shimo lake lilivyokuwa limekauka? Miezi minne wanatoa udongo mtupu.

MELANIA: Nakumbuka vijana wake walivyokuwa wanatuangalia tukila.

WILIAM: Basi. Siku ile tulipopigia chumbani kwake, kile kipande cha mwisho, wewe ukaondoka jioni. Kesho yake asubuhi duara likatema.

MELANIA: Likatema nini?

WILIAM: Mali. Jiwe unaliona linawaka kwa macho yako mwenyewe, hata kusagwa kwenye karasha bado.

MELANIA: Hongera yao. Mimi inanihusu nini?

WILIAM: Wanasema ni sisi.

MELANIA: Sisi tumefanya nini?

WILIAM: Walimleta mganga. Kachinja kuku, kaangalia, kasema nyota ya duara imetoka kwenye kile kitanda. Mume na mke wa halali wamekutana pale, ardhi ikafurahi.

MELANIA: Wamekutana?

WILIAM: Ndivyo alivyosema.

MELANIA: Na wewe ulikuwepo?

WILIAM: Nilikuwepo.

MELANIA: Ukasemaje?

WILIAM: [kimya]

MELANIA: Wiliam.

WILIAM: Nikanyamaza.

MELANIA: Ukanyamaza vipi?

WILIAM: Nikanyamaza huku natabasamu.

MELANIA: Yesu na Maria.

WILIAM: Wanaume ishirini wamekaa wananiangalia, Mama Nelly. Mmoja akaniletea kigoda. Ningesemaje?

MELANIA: Ungesema kilichotokea. Edward aliwasha kamera akaenda kutafuta chipsi. Sisi tukalala. Usingizi, Wiliam. Dakika arobaini, mgongo kwa mgongo, na viatu vyako. Ukakoroma.

WILIAM: Sikukoroma.

MELANIA: Imo kwenye kamera. Huu mwaka wa tatu hatujakutana hata kwa salamu, leo ardhi ya Geita nzima imefurahi?

WILIAM: Punguza sauti.

MELANIA: Niko nyumbani kwangu.

[mtandao unakwaruza]

WILIAM: ...unanisikia? Nilikuwa nasema lile godoro—

MELANIA: Enhe, godoro langu nililotandika kwenye kitanda chake. Nilimwambia Edward aniletee. Alinipa mama yangu lile, lilitoka Ushirombo juu ya basi.

WILIAM: Halipo.

MELANIA: Limeibiwa?

WILIAM: Wamelikata. Kila mchimbaji ana kipande chake. Wengine wamefunga kwenye tochi ya kichwani. Kijana mmoja anaitwa Sikujua, huyu mwenye simu, yeye kakishonea ndani ya kaptula. Wanashuka nacho.

MELANIA: Wanashuka na godoro la mama yangu.

WILIAM: Vipande.

MELANIA: Mama akisikia atacheka mpaka alie. Au atalia tu. Na kelele gani hizo hapo ulipo?

WILIAM: Winchi.

MELANIA: Uko duarani?

WILIAM: Niko hapa juu tu.

MELANIA: Saa nne kasoro robo asubuhi uko duarani unafanya nini? Wewe si mtu wa kamera?

WILIAM: Kamera ilianguka, nimekwambia. Mzee kanipa nafasi. Anasema mimi ndiye mwenye nyota, nikiwa chini shimo litafunguka tena. Sasa hivi ni wiki ya tatu limenyamaza, hawapati kitu, ndiyo maana wanakutaka na wewe. Turudie.

MELANIA: Wewe unashuka?

WILIAM: Zamu ya saa nne.

MELANIA: Hii ya leo?

WILIAM: Hii ya sasa. Wanavaa.

MELANIA: Wiliam, wewe ngazi ya kupaka chokaa ilikushinda. Futi ngapi?

WILIAM: Mia na ishirini. Na kitu.

MELANIA: Limepigwa matimba?

WILIAM: Ya juu yapo.

MELANIA: Sijauliza ya juu. Mimi nimezaliwa na wachimbaji, usinifanye mgeni. Huko chini mnakochimba sasa, kuna gogo hata moja limeshika ukuta?

WILIAM: Wanasema hakuna haja.

MELANIA: Nani anasema?

WILIAM: Wote. Tangu wakate lile godoro hakuna jiwe lililomgusa mtu. Kwa hiyo magogo wameacha kununua. Wanasema mti wa nini, na kinga wanayo mfukoni.

MELANIA: [kimya]

WILIAM: Haloo?

MELANIA: Nipo. Nilikuwa nazima cherehani.

WILIAM: Juzi kipande cha ukuta kilianguka. Siyo kikubwa, kama meza. Kikaanguka pale pale nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa nimeinuka kwenda kukojoa.

MELANIA: Wakasemaje?

WILIAM: Wakashangilia. Wakaimba. Wanasema unaona, godoro limemtoa.

MELANIA: Na wewe ukatabasamu.

WILIAM: Mama Nelly—

MELANIA: Nauliza.

WILIAM: Nilitabasamu. Halafu nilipofika juu nikatapika.

MELANIA: Waambie.

WILIAM: Niwaambie nini?

MELANIA: Kwamba hakuna kilichotokea kwenye kile kitanda. Kwamba wanashuka na sponji.

WILIAM: Wataniuliza siku zote hizo nilikuwa natabasamu nini.

MELANIA: Kwa hiyo afadhali ukuta ukulalie, lakini wanaume wa Nyarugusu wasijue kwamba wewe na mkeo mlilala usingizi.

WILIAM: Ukisema hivyo inakuwa ujinga.

MELANIA: Nisemeje ili iwe akili?

WILIAM: Hapa ninaheshimika. Hujawahi kuniona ninaheshimika. Wananiamkia. Nikikaa wanaume wakubwa wananisogezea maji. Nyumbani nilikuwa mtu wa kubeba kamera ya kuazima.

MELANIA: Nyumbani ulikuwa baba wa mtu.

WILIAM: Najua.

MELANIA: Unajua nini? Siku ile baada ya kuamka mliniweka kwenye kile kigoda, mbele ya kamera, kama wanavyofanya kwenye vipindi, mtu anakaa peke yake anasema ya moyoni. Edward akaniuliza, wewe mwigizaji nyota wa picha za wakubwa, nyumbani mambo yakoje? Nikasema mume wangu ana mwaka wa tatu hajaniangalia. Unakumbuka?

WILIAM: Nakumbuka.

MELANIA: Edward akacheka. Sawa, yeye ni Edward. Na wewe ukacheka. Ukasema, hapo hapo, rudia na sura hiyo hiyo.

WILIAM: Nilidhani unaigiza.

MELANIA: Hukudhani.

WILIAM: Sikudhani.

MELANIA: Basi. Iliniuma, Wiliam. Bado inauma. Nashona sare za watu inauma. Lakini hayo ni yangu na wewe, hayana haja ya shimo. Mpe simu Mzee Ndaki.

WILIAM: Wa nini?

MELANIA: Mpe simu.

WILIAM: Mama Nelly, usimwambie, nakuomba, hawa watu wana hasira, duara limenyamaza wiki tatu—

MELANIA: Zamu inashuka saa ngapi?

WILIAM: Saa nne.

MELANIA: Sasa ni nne kasoro dakika ngapi?

WILIAM: Kumi na mbili.

MELANIA: Mpe simu mzee wa watu.

[winchi inanguruma, sauti za wanaume]

NDAKI: Haloo.

MELANIA: Shikamoo, baba. Ni Melania, Mama Nelly.

NDAKI: Marahaba, mama. Mwangaluka, mayu. Tunakusubiri kama mvua.

MELANIA: Nimesikia, baba. Kabla ya hayo kuna neno. Naomba usogee pembeni, vijana wasisikie.

NDAKI: Nasogea. Sema.

MELANIA: Baba, sisi siku ile chumbani kwako hatukufanya kitu. Mganga amekosea. Ile kazi yetu ni ya kuchekesha, tunajifanya tu. Tulilala. Usingizi wa kuchoka.

NDAKI: Najua.

MELANIA: Unajua?

NDAKI: Nilichungulia dirishani.

MELANIA: Baba, ulichungulia?

NDAKI: Dirisha langu, mayu. Nilisema niangalie hawa watu wa Shinyanga wanafanya nini humo ndani. Nikakuta watu wamelala midomo wazi. Mumeo anakoroma.

MELANIA: Nilimwambia anakoroma.

NDAKI: Nikasimama pale muda mrefu. Chumba kile alifia Mektilda, mke wangu. Kuugua miezi saba. Tangu tumzike hakuna mtu aliyefunga jicho mle ndani. Mimi nalala kwenye kiti sebuleni. Wageni nikiwapa kile chumba, saa nane wako nje wanavuta sigara. Nyie mkalala kama watoto walioshiba. Na kesho yake mali. Mganga amesema yake, mimi nina yangu. Ni ule usingizi.

MELANIA: Pole, baba.

NDAKI: Nimeshapoa. Nataka mje mlale tena, basi. Kamera leteni, msilete, shauri yenu.

MELANIA: Na vijana kwa nini hukuwaambia?

NDAKI: Niwaambie duara linaendeshwa na usingizi? Watalala wote.

MELANIA: Baba, wanashuka bila matimba.

NDAKI: Eeh.

MELANIA: Kwa sababu ya godoro. Na wewe unajua godoro halikufanya kitu.

NDAKI: Magogo yamekuwa shida, mayu. Misituni wanatukamata. Na vijana wenyewe walisema hawataki. Mtu akisema mwenyewe hataki—

MELANIA: Walisema hawataki kwa sababu hawajui unachokijua wewe.

NDAKI: Unanisema kama Mektilda.

MELANIA: Sikusemi, baba. Mimi nani nikuseme? Nakuomba. Huyo unayemtuma chini ni baba wa mtoto wangu. Na hao wengine ni baba wa watoto wa watu.

NDAKI: Sasa nikiwaambia leo kwamba hakuna kitu, watalitupa duara. Wataondoka wote. Na mumeo watampiga.

MELANIA: Usiwaambie hivyo.

NDAKI: Niseme nini?

MELANIA: Sema mwenye godoro amepiga simu. Amekasirika limekatwa bila yeye kuulizwa. Sema nyota ile ni ya kitanda, na kitanda hakisimami bila miguu. Shimo lisilo na matimba ni kitanda kisicho na miguu, kinga yote imeondoka tangu juzi ukuta ulipoanguka. Mtu atakayeshuka kabla matimba hayajafika chini kabisa, laana itamwangukia yeye na ukoo wake.

NDAKI: Umejifunza wapi haya?

MELANIA: Sasa hivi.

NDAKI: Mganga wangu alikula kuku watatu, hakusema vizuri hivyo.

MELANIA: Na mimi nitakuja. Nakuahidi. Yakifika chini, nakuja kulala kwenye chumba cha mama Mektilda. Lakini si kabla, baba. Nikifika nikakuta hata futi moja haina mti, narudi na gari lile lile.

NDAKI: Kuna mabanzi na magogo ya ghala la zamani. Nikilibomoa yanaweza kutosha.

MELANIA: Libomoe.

NDAKI: Ni siku nne za kazi hizo. Tano.

MELANIA: Tutasubiri.

NDAKI: Wewe ni mtu mgumu, mayu.

MELANIA: Nimechoka tu, baba.

NDAKI: [anapaza sauti, mbali na simu] Sikujua! Zima winchi! Nimesema zima. Hakuna anayeshuka. Vueni kamba hizo, njooni hapa wote, kuna neno limetoka Shinyanga... [karibu] Wabeja, mayu, asante. Chukua mumeo.

[winchi inanyamaza]

WILIAM: Haloo?

MELANIA: Nipo.

WILIAM: Umemwambia nini? Wanavua kofia. Sikujua anaitoa ile sponji kwenye kaptula, anaishika kama yai.

MELANIA: Atakueleza mzee. Na wewe ukiulizwa, kubali. Tena ukitaka, tabasamu.

WILIAM: Umemwambia ukweli?

MELANIA: Anaujua kukuzidi. Mshahara wako wa nyota uishie hapo, sawa? Kesho ukabebe magogo na wenzako.

WILIAM: Nitabeba. Kwa hiyo utakuja?

MELANIA: Nimemwahidi mzee.

WILIAM: Si mimi.

MELANIA: Wewe hukuniomba. Wewe umeniomba kipande.

WILIAM: Simu ya Sikujua inalia, salio linaisha. Anaikodolea macho.

MELANIA: Mrudishie basi. Mimi nina mikono ya sare kumi na nne.

WILIAM: Subiri. Mama Nelly.

MELANIA: Nini tena?

WILIAM: Ile habari ya kipande, kurudia... mzee alikuwa anataka, ni kweli. Lakini angekupigia mwenyewe, namba yako anayo. Sikupiga kwa ajili ya hiyo.

MELANIA: Ulipiga kwa ajili ya nini?

WILIAM: Asubuhi nilikaa pale mdomoni mwa shimo nikawa nawaza, hawa wote mtu akipotelea chini kuna wa kuambiwa. Wameandika majina ya wake zao kwenye daftari la mzee. Mimi nilipofika hapo niliacha wazi.

MELANIA: Wazi?

WILIAM: Nilikuwa sijui kama bado naruhusiwa kukuandika. Nikaona nipige tu. Nilitaka mtu mmoja awe anajua kwamba leo mimi niko chi—

[simu inakatika]

MELANIA: Haloo? Wiliam? Haloo.

MELANIA: Niandike, Baba Nelly. Unasikia? Kaniandike.